Msizitose Baharini Khati za Wazee

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea nataka nikuulize suali moja, nawe ujijibu mwenyewe kwa haki, maana hapana akusikiaye ila Mola wako. Alipokufa babu yako, karatasi zake zilikwenda wapi?

Nguo zake zilitolewa sadaka. Mali yake yaligawanywa kwa sharia, kila mwenye fungu akapewa fungu lake, hata mjane akaijua thumuni yake. Kitanda chake cha samadari kilipiganiwa na ndugu wawili mpaka wakanuniana. Bakora yake mmoja aliitwaa, na saa yake ya mfukoni mwingine akaificha. Ama karatasi zake, yaani barua alizoandikiwa kutoka Unguja na Hadharamaut na Bombay, hati za shamba, madaftari ya deni, karatasi za nikaha, na wasia wa baba yake uliotiwa saini na mashahidi wawili, hizo hazikuingia katika mirathi. Hapana aliyezitaka. Basi zilikwenda wapi?

Nitakwambia zilikokwenda, kwa kuwa nimeyaona kwa macho yangu, na tena nilishiriki.

Palikuwa na mzee mmoja katika mtaa wetu, Mungu amrehemu, aliyekuwa msimamizi wa wakfu. Chini ya kitanda chake alikuwa na bweta la msaji lililojaa karatasi. Mara moja alinifungulia akanionyesha hati ya kiwanja kilichowekwa wakfu kwa msikiti wetu: khati nzuri ya mkono, wino mweusi, na chini yake jina la aliyeandika, majina ya mashahidi na muhuri wa kadhi. Niliitazama kama mtu atazamavyo kitu cha kale, nikasema mashallah, nikamrudishia.

Alipokufa, wanawe walitaka kukipangisha kile chumba. Bweta lilipata mnunuzi siku ile ile, na yaliyokuwamo yakatiwa katika magunia mawili. Kijana mmoja akasema, “Hizi zina majina ya Mwenyezi Mungu, haifai kutupwa jaani.” Wenziwe wakamsifu. Usiku wakapakia magunia katika mtumbwi, wakayafunga mawe, wakayatosa mkondoni. Nami nilikuwa nimeketi barazani nikiwaona wanapita, na nikasema, “Barakallahu fikum, hiyo ndiyo heshima.”

Haikupita miaka minne akatokea mtu akaanza kujenga katika kile kiwanja. Tukapiga kelele kuwa ni wakfu. Tukaambiwa, leteni hati. Nikasimama nikasema kuwa mimi niliiona. Nikaulizwa: iliandikwa mwaka gani? Mashahidi wake ni nani? Mpaka wake wa kibla ni nani, na wa suheli, na wa matlai, na wa maghribi? Sikuweza kujibu hata moja. Kiwanja kikapotea, na leo panauzwa saruji. Wala simlaumu aliyehukumu, kwani alihukumu kwa alivyoletewa. Walaumiwa ni sisi tulioitosa hati ya msikiti kwa jina la dini, na mimi niliyeketi barazani nikiwaombea baraka ni mmoja wao.

Wazee walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote na twaitia katika hutuba zetu, lakini madaftari yenyewe twayatosa.

Heshima ya namna gani hii?

Sasa na tuitazame hoja ya kijana yule, maana ndiyo hoja ya wengi wetu. Wanasema: karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu isikanyagwe wala isitupwe penye uchafu, kwa hivyo na ichomwe, au izikwe, au itoswe. Mwanzo wa maneno haya ni kweli. Mwisho wake ni kosa, na kosa lililovaa kanzu ya kweli ndilo la khatari zaidi.

Wanavyuoni walipozungumza juu ya kuzika au kuchoma, walizungumza juu ya kurasa zilizochakaa zisizofaa tena kusomwa, ili zisidhalilishwe. Hapana hata mmoja aliyesema kuwa hati nzima, yenye kusomeka, yenye haki ya yatima au ya msikiti ndani yake, iharibiwe kwa kuwa imeanza kwa Bismillahi. Lau ingekuwa hivyo basi ingetubidi tuchome kila kitabu kilichomo nyumbani.

Wengine hutoa hoja ya Sayyidna Uthman, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kuwa alichoma kurasa. Ndugu yangu, umekisoma kisa hicho nusu tu. Rudi ukisome chote. Sayyidna Uthman alipotaka kuwakusanya Waislamu juu ya msahafu mmoja, kwanza alimpelekea ujumbe Bibi Hafsa, mama wa Waumini, amwazime zile kurasa zilizokusanywa zama za Sayyidna Abubakar na kuhifadhiwa kwake. Bibi Hafsa akazitoa. Zaid bin Thabit na wenziwe wakazinakili. Zilipokwisha kunakiliwa, Sayyidna Uthman alimrudishia Bibi Hafsa kurasa zake, akapeleka nakala katika miji, na ndipo alipoamrisha zilizosalia zichomwe.

Yazingatie mambo manne katika kisa hiki. Asili ilikuwa imehifadhiwa na mwanamke nyumbani mwake. Mkuu wa dola nzima hakuipokonya, aliiazima. Aliinakili kwa watu waaminifu, nao walikuwa zaidi ya mmoja. Na alipomaliza aliirudisha kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo njia ya kukusanya maandishi, na ulimwengu wa leo wenye maktaba zake na mitambo yake haujaipita. Sisi twachukua neno “akachoma” peke yake, twaacha alivyoazima na alivyonakili na alivyorudisha.

Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Akafanya pete ya fedha yenye kuandikwa jina lake na utume wake, akapigia muhuri barua zake. Pete ile ilivaliwa baada yake na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, mpaka ikamponyoka ikaangukia katika kisima cha Aris pale Madina. Waliitafuta siku tatu, wakakiteka kisima maji yote, wasiipate. Siku tatu kwa ajili ya muhuri mmoja! Sisi magunia mawili yenye mihuri ya makadhi tuliyatosa kwa usiku mmoja, tukarudi tukalala.

Nani aliyewahi kuchana barua? Kisra wa Fursi ndiye aliyeichana barua ya Mtume, na historia imemtaja kwa ubaya kwa ajili hiyo mpaka leo. Na katika Sura ya Naml, malkia wa Sabaa alipoletewa barua ya Nabii Suleiman aliiita barua tukufu na akawasomea wakuu wake, hali yakuwa siku hiyo bado hajaamini. Nasi tulioamini tutafute mahali petu kati ya wawili hawa.

Ama aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, haikuteremshwa juu ya sala wala saumu. Yahusu kuandika deni: mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, watu wasichoke kuandika, liwe jambo dogo au kubwa. Mwenye akili na ajiulize: Mwenyezi Mungu atuamrishe kuandika, kisha aridhike tukiharibu kilichoandikwa kabla haki haijafika kwa mwenyewe?

Kilichopotea na kilichosalia

Huenda msomaji akasema kuwa hizi ni khabari za wakfu na viwanja, na yeye hana kiwanja. Haya, na tutazame lililo letu sote.

Maandishi ya Kiswahili ya zamani kabisa yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa khati za Kiarabu. Miongoni mwake zimo barua za Mfalme Fatima, mwanamke aliyeitawala Kilwa zama hizo. Barua hizo ziko wapi leo? Haziko Kilwa, wala Dar es Salaam, wala Unguja, wala Mombasa. Ziko Goa, Bara Hindi, katika nyumba ya nyaraka za serikali. Zilisalimika kwa sababu Wareno waliziweka. Mreno aliyetupiga kwa mizinga ndiye aliyetuwekea sauti ya malkia wetu, na atakaye kuisikia lazima avuke bahari.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Carl Büttner, alipiga chapa Berlin kitabu kizima cha maandishi ya Waswahili yaliyoandikwa kwa khati za Kiarabu, barua zikiwamo, ili Wajerumani wajifunze kuzisoma. Wao walijua kuwa asiyeweza kusoma barua za watu hawezi kuwatawala. Karatasi za padri William Taylor, aliyekaa Mombasa akikusanya mashairi ya Muyaka kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, zimo London katika Chuo Kikuu. Khati nzuri za Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, zimegawanyika baina ya London na Ujerumani. Tarekhe ya Kilwa kwa Kiarabu, iitwayo Kitabu Sulwa, ilikwenda London kutoka Unguja zama za Sayyid Barghash. Na yasemekana kuwa kitabu cha asili cha khabari za wafalme wa Pate kiliangamia Witu mwaka 1890 Waingereza walipoupiga mji ule.

Hapa wengi wetu hupanda jazba, wakasema: Wazungu wametuibia! Mimi nasema, polepole. Ni kweli kuwa vingine vilichukuliwa kwa nguvu za mtawala, na vingine vilinunuliwa kwa thamani ya kilo ya sukari. Lakini uadilifu wataka tuseme na la pili: vilivyochukuliwa vipo, vimeandikwa katika orodha, na atakaye huviona. Vilivyobaki kwetu, vingi katika hivyo viko wapi? Mchwa wamekula, mvua imenyesha, vijana wametosa. Mwizi akikuibia mbuzi mmoja na wewe mwenyewe ukawaachia fisi kumi, utashitaki nini mbele ya kadhi?

Wala si kweli kuwa haiwezekani. Katika miaka ya sitini, J. W. T. Allen alipita katika miji na visiwa vya pwani akikusanya na kunakilisha miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikapigwa chapa 1970. Unguja pana Nyumba ya Nyaraka ya Kilimani, ambayo mkusanyo wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu umetiwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za ulimwengu mwaka 2003. Na Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha moja moja, nakala zikapatikana kwa watu wa mbali, na asili zikabaki Lamu kwa wenyewe. Ni mwendo ule ule wa Bibi Hafsa.

Saini ni haki

Watu wa Ulaya na Marekani wana mapenzi makubwa ya saini. Barua ya mtu mashuhuri, hata ikiwa ni ya mistari miwili ya kuagiza viatu, hunadiwa kwa fedha nyingi, ikatiwa katika kioo. Sisemi tuwaige katika hilo. Kwetu saini haikuwa pambo. Mtu aliyeandika jina lake na kuongeza kuwa ameandika kwa mkono wake, alikuwa ameweka shingo yake pale, hapa duniani na kesho mbele ya Mungu.

Na haki za watu wa pwani zimesimama juu ya saini, na zimeanguka kwa kukosa saini. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitoa sharia ya hati za ardhi za pwani ya Kenya: kila mwenye madai aje ayathibitishe, na ardhi isiyodaiwa ihesabiwe kuwa ni ya Serikali. Mwenye hati ya babu yake alikuwa na cha kuweka juu ya meza. Asiyekuwa nayo alikuwa na maneno matupu, na wengine hata khabari hawakuipata. Vidonda vya siku zile havijapona mpaka leo, na watoto wa watoto wao wangali wanaitwa maskwota katika ardhi walimozikwa wazee wao.

Tazama na upande wa pili. Mapatano ya mwaka 1895 baina ya Sultani wa Unguja na Waingereza juu ya pwani yaliandikwa. Mwaka 1963, mwezi wa Oktoba, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte waliandikiana barua, wakatia saini, kuwa Mahkama za Kadhi zitahifadhiwa. Katika mabishano makubwa juu ya Katiba iliyopitishwa Kenya mwaka 2010, wale waliozitetea Mahkama hizo walikuwa na maandishi ya kushika mkononi. Lau barua zile nazo zingetiwa katika gunia, tungesema nini? Tungesema “mimi niliiona,” kama nilivyosema mimi juu ya kiwanja.

Majibu kwa wanaobisha

Nimekwisha kuzungumza na watu juu ya jambo hili misikitini na barazani, na hoja zao nazijua.

Wa kwanza husema: barua ni siri ya mtu, na sharia yatukataza kuchungulia siri. Ni kweli, na hoja hii ni ya heshima kuliko zote. Basi tutenganishe. Barua ya mtu aliye hai ni amana yake, isifunguliwe ila kwa idhini yake. Barua ya marehemu yenye siri ya unyumba au aibu ya mtu ambaye watoto wake wapo, ifungwe, iandikwe juu yake isisomwe mpaka wakati fulani, iwekwe. Kuficha si kuharibu. Lakini khabari ya bei ya karafuu, ya jahazi iliyozama, ya ndui iliyoingia mjini, ya shamba lililouzwa, siri ya nani hiyo? Ni elimu.

Wa pili hunong'ona, maana haya yamshika: katika karatasi zile mna khabari za utumwa. Yuko ambaye babu yake aliuza watu, na yuko ambaye babu yake aliuzwa, nao wote wawili leo wanakaa safu moja ya sala. Utumwa uliondoshwa kisharia Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, na bado twaogopa karatasi. Nami nasema: hizi ndizo za kuhifadhiwa zaidi. Hati ya kuachwa huru ni heshima ya aliyeachwa huru. Ndani yake mna jina la bibi yake mtu, pengine ni mahali pamoja tu duniani jina hilo lilipoandikwa. Una haki gani wewe ya kulifuta mara ya pili? Na ambaye babu yake aliuza watu, na asome, ajue, amwombee maghfira, kisha ajirekebishe katika kiburi chake. Mtu hafi kwa kuijua kweli. Taifa lililochoma ushahidi wake hubaki na uvumi, na uvumi ndio uzaao fitina.

Wa tatu husema: sisi hatuwezi kusoma khati hizi. Hapa nataka niseme kwa ukali kidogo, na mwenye kuumia anisamehe. Ni aibu. Mtoto wetu aliyehitimu chuoni azijua alifu na bee, asoma Qur'ani, kisha akipewa barua ya babu yake iliyoandikwa kwa herufi zizo hizo na kwa lugha ya mama yake mwenyewe, aigeuza juu chini. Niliwahi kuingia katika hoteli moja ya watalii, nikaona ukutani hati ya kuuza shamba imetiwa katika fremu ya dhahabu, nayo imetundikwa kichwa chini. Watumishi walikuwa Waislamu wa pale pale, wakipita chini yake kila siku. Mipaka minne ya shamba la mtu, majina ya mashahidi, na jina la Mwenyezi Mungu, yote miguu juu! Nani aliyewauzia? Si mgeni. Ni mtoto wa nyumba, aliyetaka fedha za simu.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Tulipoanza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi hatukupata dhambi, ni jambo jema na limetufaa. Dhambi ilikuwa kuzitupa za kwanza. Mwalimu wa chuo akitenga saa moja kwa juma kuwafundisha watoto wakubwa kusoma khati za Kiswahili, katika mwaka mmoja kila mtaa utakuwa na wasomaji kumi.

Wa nne husema: sisi ni mafukara, na mnunuzi ameleta fedha. Simdharau mwenye njaa. Lakini mpeni kwanza nakala mkaone kama ataitaka. Akikataa nakala akataka asili, basi jueni kuwa asili ina thamani zaidi ya hiyo anayowapa. Na kumbukeni kuwa hati ya wakfu haiuzwi, si yako, ni kama kuuza mlango wa msikiti.

Wa tano ndiye msomi wa leo. Asema: nimekwisha kuzipiga picha kwa simu, kuna haja gani tena ya karatasi? Picha ni jambo zuri, na aliyepiga amefanya zaidi ya aliyelala. Lakini simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa kila mwaka. Na katika mabishano, picha haionyeshi kama wino umeongezwa baadaye, wala kama karatasi ni ya zama zile. Penye thamani hapakosi ghushi: hata barua inayosemekana kuwa ni ya Mtume kwa Muqauqis, iliyopo katika jumba la Topkapi Istanbul, wanavyuoni wamekhitalifiana juu yake. Na hukumu ya mambo kama hayo haitolewi kwa kutazama picha peke yake. Piga picha, kisha uihifadhi asili.

Tufanye nini?

Maneno bila ya kitendo ni kelele. Nitataja machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya bila ya kumngoja mfadhili wala serikali.

Mtu akifa, kabla ya chumba kufagiliwa, mmoja katika jamaa apewe kazi ya karatasi. Asichague kwanza ipi ya maana na ipi si ya maana, kwani hilo hajui, bali azikusanye zote.

Zisifutwe kwa kitambaa cha maji. Wino wa wazee wengi ulikuwa wa masizi, na kila aliyekunywa kombe ajua maandishi yaogopavyo maji. Vumbi lipunguzwe kwa brashi laini. Zisigandishwe kwa utepe wa gundi, kwa kuwa gundi hugeuka manjano ikala karatasi. Zisitiwe katika plastiki ya kubanwa kwa moto, kwani hapo haitoki tena. Pini za chuma zitolewe taratibu, maana hushika kutu. Wala mtu asiandike juu yake kwa kalamu ya wino. Akitaka kuweka alama, aandike kwa penseli kwenye bahasha ya nje.

Zilaliswe bila ya kukunjwa, katika bahasha safi za karatasi, ndani ya sanduku, mbali na ukuta na sakafu, maana unyevu wa pwani hupanda ukutani na mchwa huanzia chini. Zisikae juani. Kila miezi michache lifunguliwe sanduku litazamwe kama mende au wadudu walao karatasi wameingia.

Kisha iandikwe orodha: nani aliandika, kwa nani, tarehe gani ya Hijria, inahusu nini. Orodha hiyo itolewe nakala, moja ikae nyumbani, moja kwa mtu mwaminifu. Na mzee aliye hai aulizwe leo, “Huyu aliyetia saini hapa ni nani?” Kesho hayupo.

Na misikiti yenye wakfu, kila mmoja uwe na kasha lenye funguo mbili kwa watu wawili, na daftari la yaliyomo, lisomwe mbele ya jamaa mara moja kwa mwaka. Msimamizi anayekasirika akiambiwa hivyo, basi na aulizwe kwa nini amekasirika. Wakfu si bweta la chini ya kitanda cha mtu mmoja. Mzee wetu yule alikuwa mwaminifu kwa umri wake wote, lakini uaminifu wake ulizikwa pamoja naye kwa kuwa hapana mwingine aliyekuwa na ufunguo.

Atakayeona hawezi kuhifadhi, basi akopeshe penye kuhifadhiwa, kwa maandishi, apewe stakabadhi na nakala. Mwenye kukusanya naye, awe mtafiti wa chuo au mpenda mambo ya kale, na ajue mpaka wake: aazime, anakili, arudishe. Atakayeondoka na asili bila ya ridhaa ya wenyewe, hata akawa na shahada kumi, amevunja amana.

Ndugu zangu, yule kijana aliyesema zisitupwe jaani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mapenzi na dini yake, ila hapana aliyemfundisha. Mimi mkubwa wake ndiye niliyemwombea baraka badala ya kumwambia, “Hebu ngoja, mwanangu, leta taa tutazame kilichomo.” Maneno hayo machache yangeliokoa kiwanja cha msikiti. Kila nipitapo pale huyasema moyoni, na hayafai kitu tena.

Wewe bado waweza kuyasema. Leo jioni, baada ya sala ya Isha, vuta lile sanduku lililoko chini ya kitanda au juu ya kabati, leta taa, waite wanao, mtazame kilichomo. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana, wala asitufanye katika wenye kuzitosa kwa mikono yao kisha wakazililia. Amin.